Dakika 15 za ukimya: faida ya kutafakari kwa mwili, akili na roho



Katika mkutano wa makapita wa madarasa wa mwezi uliopita, ulizo moja lilitokea ambalo halijapata jibu. Wenzetu fulani wa mwaka wa mwisho waliomba kwamba dakika 15 za ukimya tunazofanya kila asubuhi mbele ya ibada ziondolewe, na wakati ule tupewe kwa kusoma. Walisema: "Egzame ya Leta iko karibu. Kukaa tu na kufumba macho hakutatupa pointi hata moja." Wengine walijibu kwamba wanaosema hivyo wanapoteza heshima ya Mungu. Maneno yakawa makali, na hakuna aliyesikiliza mwenzake. Mwishoni komite iliamua kura ipigwe mwisho wa muhula huu, ikaniomba nitayarishe fundisho hili kusudi kila mmoja, mbele ya kupiga kura, ajue ni kitu gani anachokishika ao anachokitupa.

Mimi pia ni wa mwaka wa mwisho. Ulizo hili linanigusa sawa linavyowagusa waliolileta. Basi tutaliangalia pole pole: kwanza maana ya neno, kisha mwili, akili, na roho, na mwisho namna ya kufanya.

I. KUTAFAKARI NI NINI?

Watu wengi wakisikia neno kutafakari wanawaza mtu aliyekunja miguu, kichwa chake kitupu kama mtungi uliomwagwa maji. Lakini duniani kuna namna nyingi za kutafakari. Wabuddha wa Asia wanafuata pumzi yao inavyoingia na kutoka. Wahindu wengine wanarudilia neno moja. Hapa kwetu Afrika, katika jangwa la Misri, tangu wakati wa Antonio wa karne ya 3 na ya 4, watawa Wakristo walirudilia maneno ya Zaburi huku mikono yao ikifuma vikapu na mikeka. Basi anayesema kwamba jambo hili limetoka ugenini juzi tu, hajasoma historia.

Tuangalie Biblia yenyewe. Katika Yoshua 1:8 na Zaburi 1:2, fasi tunaposoma juu ya kutafakari sheria ya Mungu usiku na mchana, neno la Kiebrania ni "haga". Neno hili linaonyesha sauti ndogo ya chini, kama mtu anayenong'ona peke yake. Nabii Isaya analitumia kwa njiwa anayelia (38:14), na tena kwa simba anayenguruma juu ya mnyama aliyemkamata (31:4). Fikirini simba ule: ana kitu chini ya miguu yake, wachungaji wanapiga kelele, naye hakiachi.

Mfano mwingine tunauona kila siku nyuma ya jiko letu. Mbuzi anakula majani mbio mbio asubuhi. Kisha analala kivulini, anayarudisha mdomoni kidogo kidogo na kuyatafuna tena. Kama hapati wakati wa kucheua, majani yale hayamletei nguvu, hata kama tumbo limejaa.

Kwa hiyo tuseme hivi: kutafakari ni kushika jambo moja zuri moyoni, kulirudilia pole pole, na kila mara mawazo yanapotoroka, kuyarudisha bila kukasirika. Si kulala, wala si kuota ndoto za mchana. Tena si kuhangaika. Anayehangaika naye anacheua usiku kucha, lakini anacheua sumu: "Nikianguka, baba atasema nini? Minerval yote imelipwa bure?" Wengi wetu tunajua kazi hiyo vizuri. Basi nguvu ya kurudilia jambo moja tayari tunayo. Inabaki kuipa chakula kizuri.

II. FAIDA KWA MWILI

Wanafunzi wa biolojia mnajua kwamba ndani yetu kuna mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila kungoja amri yetu. Iko ya namna mbili. Ya kwanza ni ya mbio na vita. Mganga Mwamerika Walter Cannon aliieleza mwaka 1915: mnyama akiona hatari, adrenalini inaingia katika damu, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, tumbo linaacha kusaga chakula, damu inakwenda katika misuli. Yote hayo ni mazuri kama chui yuko njiani. Lakini mwalimu akitaja jina lako uje ubaoni, mwili unafanya yale yale: mdomo unakauka, mikono inatoka jasho, magoti yanatetemeka. Mwili haujui kutofautisha chui na karatasi ya maulizo.

Namna ya pili ni mishipa ya pumziko. Mkubwa wao unaitwa vagusi. Unatoka kichwani, unapita shingoni mpaka moyoni na tumboni, na kazi yake moja ni kupunguza mbio za moyo. Mnaofungua vyura katika laboratwari mtapenda habari hii. Mwaka 1921, katika mji wa Graz nchi ya Austria, mwalimu Otto Loewi aliota usiku namna ya kufanya jaribio. Aliamka, akaandika kwa karatasi, akalala tena; asubuhi hakuweza kusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata wazo lilirudi. Safari hii hakungoja, alikwenda laboratwari palepale. Alichukua mioyo miwili ya vyura, akasisimua mshipa wa vagusi wa moyo wa kwanza, nao ukapunguza mbio. Kisha alichukua maji yaliyokuwa katika moyo ule, akayatia katika moyo wa pili, ambao haukuwa na mshipa. Nao pia ukapunguza mbio! Kwa hiyo vagusi unatoa dawa fulani; leo tunaiita asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi alipewa zawadi ya Nobeli pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Hii inahusu kutafakari kwa njia gani? Hatuwezi kuamuru moyo: "Pole pole!" Hautasikia. Lakini pumzi tunaweza kuiamuru, na pumzi na moyo vimefungwa pamoja. Tukivuta hewa, moyo unaongeza mbio kidogo. Tukiitoa, vagusi unaupunguza. Basi mtu anayetoa pumzi kwa urefu na kwa utulivu anaita mishipa ya pumziko ije kazini.

Watu wenye elimu wamepima. Robert Keith Wallace na Herbert Benson wa Marekani walichunguza watu 36 waliozoea kutafakari, na mwaka 1972 walieleza kwamba wakati wa ukimya miili ya watu wale ilitumia oksijeni kidogo, upungufu wa karibu sehemu moja katika sita, ijapokuwa hawakulala. Mwaka 2001 mganga wa Italia, Luciano Bernardi, pamoja na wenzake, walipima watu wazima 23 wakisema sala ya rozari kwa Kilatini, na tena wakirudilia maneno ya mantra ya yoga. Kwa kawaida mtu mzima akipumzika anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Wale, katika sala zote mbili, walifika karibu mara 6, na moyo wao ulijua vizuri zaidi kuongoza nguvu ya damu.

Hapa tuwe na akili nyofu. Rozari ya Wakatoliki na mantra ya yoga zilileta matokeo sawa. Mwili hauulizi dini, unafuata pumzi. Kwa hiyo tusimwambie mwenzetu: "Unaona, moyo wangu umetulia, ni ushuhuda kwamba imani yangu ni ya kweli." Mambo ya imani yana ushuhuda wake, nasi tutafika pale.

Tena tusipite mpaka. Kutafakari hakuponyi malaria. Mzazi mwenye ugonjwa wa nguvu ya damu asitupe vidonge vyake kwa sababu mtoto wake amesoma buletini. Na tumbo lenye njaa linataka bugali na maharagi kwanza.

III. FAIDA KWA AKILI

Wanaochunguza akili wanasema kwamba ubongo una kikapu kidogo ambamo tunaweka mambo tunayofanyia kazi sasa hivi: namba ya kuhesabu, mwanzo wa sentensi tunayosoma, jambo ambalo mwalimu amesema dakika hii. Kikapu hiki hakipokei vitu vingi. Hofu ikiingia, inachukua fasi yake mle ndani. Ndiyo sababu mwanafunzi aliyejua fomula jana jioni anaikosa asubuhi mbele ya karatasi. Fomula haikutoroka, kikapu kimejaa "nikianguka, nikianguka."

Mwaka 2013 Michael Mrazek na wenzake huko California waligawanya wanafunzi 48 wa chuo kikuu katika makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa mambo ya chakula bora. Lingine lilifundishwa kutafakari kwa kufuata pumzi, kwa juma mbili tu. Nyuma ya hayo, wale waliotafakari walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kusoma na kuelewa, na kikapu chao kilishika mambo mengi zaidi. Waliopata faida kubwa ni wale ambao mwanzoni mawazo yao yalikuwa yanatembea sana.

Kama ningeishia hapa, ningekuwa ninawadanganya kwa nusu ya kweli. Mwaka 2014 waganga wa Marekani walikusanya majaribio 47 ya watu zaidi ya 3500. Waliona kutafakari kunapunguza kwa kiasi wasiwasi, huzuni na maumivu, lakini hawakuona kwamba kunashinda njia zingine kama dawa ao mazoezi ya mwili. Tena mwaka 2022 yalitokea matokeo ya jaribio kubwa la Uingereza: wanafunzi zaidi ya 8000, wenye miaka 11 mpaka 13, katika shule zaidi ya 80. Nusu ya shule zilifundisha kutafakari darasani, nusu zilifuata mafundisho yao ya kawaida. Mwishoni hakukuwa na faida iliyoonekana kushinda ile ya wengine.

Wenzetu wanaotaka kuondoa ukimya watafurahi kwa habari hii. Nawaomba wasome mpaka mwisho. Katika jaribio lile, wanafunzi wengi hawakufanya mazoezi nje ya darasa, ao walifanya mara chache sana. Walipewa fundisho juu ya kutafakari; kutafakari kwenyewe wengi hawakukufanya. Mtu akikaa ukingoni mwa ziwa na kusikiliza mafundisho ya kuogelea mwaka mzima, siku mtumbwi ukipinduka atazama.

Sasa nauliza: sisi tunafanya nini katika dakika zetu 15? Mimi kapita ninapita kati ya mabenki, ninaona. Wengine wamelaza kichwa juu ya mikono na wanakoroma. Wengine wameweka kitabu cha kemia ndani ya Zaburi. Mmoja anaandika barua ya mapenzi. Wachache wanatafakari. Basi anayesema "ukimya ule haunifaidi kitu" anasema kweli, lakini anasema kweli juu ya usingizi, si juu ya kutafakari.

Kuna jambo lingine linalowahusu wenye kupenda pointi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani walipa wanafunzi somo fupi. Wengine walilisoma mara mbili. Wengine walilisoma mara moja, kisha wakafunga karatasi na kuandika yote waliyokumbuka. Nyuma ya juma moja, waliosoma mara mbili walikumbuka karibu 42 kwa 100. Waliofunga karatasi walikumbuka 56 kwa 100. Kumbe kufunga kitabu na kurudilia kwa moyo kunashinda kukitazama tena! Hii ni ile "haga" ya Waebrania. Anayejifunza asubuhi kushika mstari mmoja wa Zaburi na kuunong'ona bila kitabu, anazoeza akili yake kazi ambayo jioni ataifanya kwa historia na kwa fizika.

IV. FAIDA KWA ROHO

Someni 1 Wafalme sura ya 19. Nabii Elia ametishwa na malkia Yezebeli. Anakimbia jangwani, anakaa chini ya mti, anaomba kufa. Mungu anafanya nini kwanza? Hamhubirii. Anamwacha alale. Malaika anamwamsha, anampa mkate na maji. Elia anakula, analala tena, anapewa tena kula. Nyuma ya mwendo wa siku 40 tu, kule Horebu, kunakuja upepo mkali, tetemeko na moto, na kiisha vyote hivyo, sauti ndogo ya utulivu. Na mle katika utulivu anaulizwa ulizo, anajibu yaliyo moyoni mwake, na anapewa kazi ya kufanya. Mwili ulipata sehemu yake, roho ikapata yake. Tena ukimya haukumweka Elia pangoni siku zote, ulimrudisha njiani.

Bwana Yesu naye, katika Marko 1:35, aliamka mapema kungali giza, akaenda fasi ya peke yake kuomba. Tukumbuke kwamba jioni iliyotangulia mji wote ulikuwa mlangoni na wagonjwa wao. Yeye mwenye kazi nyingi kushinda wote ndiye aliyetafuta ukimya.

Wengine wanasema: "Hiyo ni mambo ya wapadri. Sisi Waprotestanti tuna mahubiri na nyimbo." Si hivyo. Martin Luther, mwaka 1539, aliandika kwamba mambo matatu yanamfanya mtu kuwa mwalimu wa neno la Mungu: maombi, kutafakari na majaribu. Na alifundisha kwamba kutafakari si kwa moyo tu, bali kwa mdomo pia, kurudilia neno mara nyingi. Mwaka 1535 kinyozi wake, jina lake Peter, alimwomba amfundishe kuomba, Luther akamwandikia kitabu kidogo. Humo anamkumbusha kwamba kinyozi mwema anaangalia wembe wake. Kama anapiga domo na kuwaza mambo mengine, atakata pua ya mtu. Basi na mwenye kuomba awe hivyo. Tena alimpa njia: chukua amri moja ya Mungu na uisokote kama kamba ya nyuzi nne. Uzi wa kwanza: inanifundisha nini? Wa pili: ninashukuru kwa nini? Wa tatu: ninatubu nini? Wa nne: ninaomba nini? Tutaitumia njia hii mbele kidogo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Dietrich Bonhoeffer. Mwaka 1935, wakati wa Hitler, aliongoza shule ya wachungaji wa Kanisa la Ungamo kule Finkenwalde. Kila asubuhi wanafunzi walikaa nusu saa kimya juu ya fungu moja la Biblia, na fungu lile lile kwa juma zima. Wanafunzi walilalamika sawa na sisi: hatujui la kufanya, mawazo yanakimbia, wakati unapotea. Bonhoeffer hakuondoa nusu saa ile, aliwasaidia kuitumia. Mwaka 1937 polisi wa siri walifunga shule, na wengi wa wanafunzi wale walitupwa gerezani ao vitani. Bonhoeffer mwenyewe alifungwa mwaka 1943, na tarehe 9 Aprili 1945 alinyongwa. Gerezani hakukuwa na kengele wala kapita wa kuwaamuru kunyamaza. Mtu alibaki na yale tu aliyoyaweka moyoni wakati wa amani.

Kwa hiyo tusipime faida ya roho kwa utamu tunaousikia asubuhi. Siku nyingine hakuna utamu, baridi tu na moshi wa jiko. Tuipime mchana: ulimi wangu umepungua matusi? Nimemrudishia mwenzangu kalamu yake? Niliweza kusema kweli mbele ya mwalimu? Nimemsamehe ule wa kitanda cha pembeni?

V. NAMNA YA KUFANYA

Dakika 15 zetu zinaanza saa kumi na moja na robo. Mnaweza kuzigawanya hivi:

1. Dakika 2: Kaa wima, miguu miwili chini, mikono juu ya magoti. Aliyelala vizuri usiku hatasinzia; basi vita ya ukimya inaanza usiku, wakati wa kuzima taa na telefone.

2. Dakika 3: Fuata pumzi. Vuta hewa ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6. Usijikaze. Kama kichwa kinazunguka, rudi katika pumzi yako ya kawaida.

3. Dakika 3: Soma mstari mmoja tu, mara tatu, kwa sauti ya kunong'ona. Kisha funga kitabu na uurudilie bila kuangalia. Ukisahau, fungua, angalia, funga tena.

4. Dakika 5: Sokota kamba ya nyuzi nne: fundisho, shukrani, toba, ombi.

5. Dakika 2: Nyamaza kabisa. Kisha andika neno moja tu la kubeba siku ile.

Mstari ubaki ule ule juma zima. Mnaopenda hesabu, shikeni mapigo ya moyo kwa mkono kwa sekunde 30, zidisheni mara mbili, mbele na nyuma ya ukimya, na muandike katika daftari.

VI. MAJIBU KWA MAULIZO YA WENZETU

"Mawazo yangu yanatoroka kila mara." Ndiyo kazi yenyewe. Mchungaji wa mbuzi hatupi fimbo kwa sababu mbuzi mmoja ameingia shambani, anamrudisha. Ukirudisha mawazo mara 30, umefanya zoezi mara 30.

"Siwezi kutafakari pumzi tu, bila Biblia?" Mwili na akili vitapata sehemu yao, kama tulivyoona. Hapa katika kanisa letu tunaongeza neno, maana tunataka roho nayo ile. Mwenzetu wa dini nyingine aliye kati yetu anyamaze kwa namna ya kwao, wala asichekwe.

"Nikifumba macho, ninaona mambo mabaya." Ulizo hili nililipokea kwa karatasi bila jina, na linanigusa kushinda yote. Wengi kati yetu walikimbia vita. Kuna walioona nyumba zao zikiungua, kuna waliopoteza wazazi. Kwa mtu wa namna ile ukimya unaweza kufungua mlango ambao mchana kelele inaufunga. Ndugu yangu, dada yangu, hiyo si dhambi, wala si kukosa imani, wala si pepo. Usijilazimishe. Fungua macho, angalia mti ao dirisha, sikia miguu yako ardhini, ao simama utembee pole pole uwanjani ukirudilia mstari wako kwa sauti. Watawa wa Misri walitafakari mikono ikifuma vikapu. Wewe unaweza kutafakari ukifagia. Na usibebe peke yako: sema na mchungaji, ao mama mwangalizi, ao muganga wa dispanseri. Makapita wote wanaombwa wasimuazibu anayetoka nje wakati wa ukimya kwa sababu hiyo.

"Dakika 15 ni nyingi kwa mtu wa mwaka wa mwisho." Tuhesabu. Dakika 15 kwa siku 6 ni dakika 90, yaani saa moja na nusu kwa juma. Si kidogo, sikatai. Lakini kila mmoja ahesabu pia saa anazopoteza jioni akitazama ukurasa mmoja bila kuuona, kwa sababu kichwa kiko fasi nyingine. Kama ukimya unaofanywa kweli kweli unamrudishia hata nusu ya saa zile, hajapoteza kitu.

VII. SHAURI

Sisemi tuushike ukimya kwa sababu wakubwa wetu waliushika. Kama tutaendelea kuutumia kwa usingizi na barua, basi wanaotaka kuuondoa wako na haki: saa moja na nusu ya kusoma inashinda saa moja na nusu ya kukoroma. Lakini tusihukumu kitu ambacho hatujakijaribu. Shauri langu kwa komite ni hili: mbele ya kura, tufanye juma nne za ukimya wa kweli, kwa njia iliyoandikwa hapa juu. Mstari wa kila juma utabandikwa mlangoni pa refectoire. Nyuma ya juma nne, kila mmoja apige kura kwa yale aliyoyaona mwenyewe, na matokeo yawe nini, tuyakubali bila matusi.

MAULIZO YA KUJIFUNZA (kwa makundi ya jumamosi)

1. Neno "haga" linaonyesha nini? Njiwa na simba wanatufundisha nini juu ya kutafakari?
2. Kwa nini kutoa pumzi pole pole kunapunguza mbio za moyo? Eleza jaribio la Loewi.
3. Jaribio la 2013 na lile la 2022 yanaonekana kupingana. Je, yanapingana kweli?
4. Katika 1 Wafalme 19, Elia alipewa nini mbele ya kusikia sauti ya utulivu? Hii inatuonya nini sisi tunaowahubiri wenzetu wenye njaa ao uchovu?
5. Kila mmoja ajibu moyoni, si kwa sauti: mimi ninacheua nini usiku?

Mungu awabariki katika masomo yenu yote.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, biolojia na kemia